Matete Yasiyo ya Kitale

Chupa aliyoiacha daktari ilikuwa ndogo kuliko kidole gumba. Ndani yake mlikuwa na maji kidogo ya matope na unga wa manjano uliotulia chini. Inspekta Viola Jerop aliishika mbele ya dirisha, akaigeuza polepole, na ule unga ukapanda na kushuka tena.

"Hiyo nini?" aliuliza mkuu wake, Wahome, bila kuinua macho kwenye faili.

"Imetoka kwenye koo la pumzi la Naim, Afande. Daktari anasema huo unga aliuvuta pamoja na maji wakati anazama."

"Na alizama kwa bwawa la Kimaiyo, na hilo bwawa limejaa matete. Matete yana unga. Sasa jipya ni lipi?"

Jerop aliitia chupa mfukoni. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alhamisi alfajiri, vibarua wa Mzee Kimaiyo, mkulima wa nje kidogo ya mji wa Kitale, walikuwa wamekuta maiti ya Naim ikielea kwenye bwawa la samaki la tajiri wao. Naim alikuwa mtu wa Bungoma, muuzaji wa vifaranga vya samaki. Kila mtu sokoni alikumbuka jinsi Kimaiyo alivyomfokea wiki mbili kabla, mbele ya watu, kwamba samaki aliouziwa wamekaa miezi minane na bado ni wadogo kama kidole, na kwamba siku moja atamlazimisha awale wakiwa wabichi. Dereva wa pikapu ya Naim, kijana aitwaye Derrick, aliandikisha kwamba alimshusha tajiri wake kwenye lango la Kimaiyo Jumatano saa kumi jioni, akiwa mzima. Kimaiyo alikuwa seli. Jumatatu angesomewa shtaka la mauaji.

Jerop alishuka seli kumwona.

"Madam, mimi nilitukana," Kimaiyo alisema kupitia vyuma. Alikuwa na miaka sabini, na viatu vyake vilikuwa vimeondolewa kamba. "Hiyo siwezi kukataa. Lakini Jumatano sikumwona. Nilikuwa kwa ng'ombe mpaka giza. Huyo mtu hakufika kwangu."

"Alifika, Mzee. Tulimtoa kwa maji yako."

"Basi alifika akiwa amekufa."

Alisema hivyo kwa hasira tu, kama mtu anayebishana. Lakini Jerop alipopanda ngazi maneno yale yalimfuata. Alifungua kabati la vielelezo akatoa gambuti la kushoto la marehemu. Ndani, karibu na kisigino, alikuwa amekuta kipande cha tete kilichovunjika, urefu wa kiganja. Wengine walikiona takataka. Yeye alikifunga kwa gazeti. Akachukua pia matete mawili mazima aliyoyakata mwenyewe kwenye bwawa la Kimaiyo, akaomba gari.

"Unaenda wapi?" Wahome aliuliza.

"Bumula. Kuna mwalimu mmoja huko. Dadangu alifundishwa na yeye."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa matete, Afande."

Wahome alivuta karatasi ya mafuta, akaitia sahihi.

*

Mwalimu Nakhungu Wabwile alikuwa amestaafu miaka sita iliyopita, lakini bado alivaa sketi ya kazini na saa iliyotazama upande wa ndani wa mkono. Alimpokea Jerop kwa chai na ndizi, akamuuliza habari za dadake kwa jina, darasa na alama aliyopata kwenye mtihani wa mwisho. Ndipo akasema, "Haya, Afande. Leta tuone."

Jerop alitandaza gazeti mezani. Mwalimu hakugusa chochote kwanza. Alizunguka meza, akainama, akanusa.

"Watu wengi huku wanaita kila kitu cha majini matete," alisema. "Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka, na angekuchapa ukichanganya. Kuna mafunjo, shina lake lina pembe tatu, hata gizani unalijua kwa vidole. Kuna lile la mviringo lisilo na majani, laini, hilo ndilo la mkeka mzuri. Halafu kuna haya yenye kitu kama soseji juu, watoto wanayapenda. Kwa vitabu yanaitwa tifa. Na tifa nazo si moja."

Alichukua tete la Kimaiyo. "Hii soseji ya kahawia ndiyo jike. Huku juu, hii yenye unga wa manjano, ndiyo dume. Unaona vile dume limekalia jike? Hakuna nafasi. Na jani lake ni pana. Hii ni ya mahali pa baridi, Kitale, Endebess, kupanda mlima."

Akakichukua kile kipande cha gambuti kwa koleo ndogo. Kilikuwa kimepondeka, lakini kilionekana. Chini palikuwa na ncha ya soseji ya kahawia. Kisha shina tupu, la kijani, upana wa kidole kimoja. Kisha ndipo manjano yalianza.

Mwalimu alikaa chini.

"Hii haikutoka Kitale," alisema.

"Una hakika?"

"Usiniulize mimi kama nina hakika. Uliza hiyo nafasi hapo katikati. Hii ni tifa ya jani jembamba. Inapenda joto."

Jerop alieleza lile ambalo Wahome angesema: Naim alikuwa mtu wa mabwawa, kipande kingeweza kuingia kwenye gambuti siku yoyote, mahali popote. Akaweka ile chupa ndogo mezani. "Lakini huu unga ulikuwa kooni. Huu aliuvuta akifa."

Mwalimu aliinamisha kichwa, kama mtu anayesubiri maiti ipite. Kisha akaenda chumba cha nyuma akarudi amebeba hadubini ya shaba iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufumwa. Alifanya kazi bila haraka. Tone moja la chupa kwenye kioo. Unga kidogo wa tete la Kimaiyo kwenye kioo kingine. Mikono yake ilikuwa ya mtu mzee, lakini haikutetema hata mara moja, na Jerop, ambaye alikuwa ameona wataalamu wengi wa maabara wenye vyeti ukutani, alijikuta akipumua taratibu asije akavuruga kitu.

"Njoo uangalie wewe mwenyewe. Mahakamani utaulizwa wewe. Hii ni ya Kimaiyo."

Jerop aliinama. Kwenye duara la mwanga aliona chembe za manjano, na kila mahali zilikaa nne nne, zimeshikana kama mayai kwenye trei.

"Nne," alisema.

"Kila chembe na wenzake watatu. Jani pana huwa hivyo. Sasa hii ya kooni."

Jerop aliangalia. Chembe moja. Nyingine moja. Nyingine, mbali, peke yake. Alisogeza kioo kama alivyoonyeshwa, akahesabu mpaka mia mbili, na mgongo ukamuuma. Hakukuta nne zilizoshikana hata mahali pamoja.

"Bwawa la Kimaiyo linachanua sasa hivi," alisema polepole. "Maji yake juu ni manjano matupu. Nilipokata haya, mikono yangu ilijaa."

"Basi mtu akizama pale angevuta nini?"

"Hizi za nne nne."

"Na hakuvuta hata moja. Wakati anafikishwa kwenye hayo maji alikuwa ameacha kupumua." Mwalimu alivua miwani. "Masikini."

Jerop aliomba kuona ni mabwawa gani ya huku chini, kwenye joto, yenye tifa ya jani jembamba. Mwalimu alifungua mlango wa kile chumba cha nyuma, na Jerop akasimama kizingitini. Kuta tatu zilikuwa rafu za mbao kutoka sakafuni mpaka darini, na rafu zote zilijaa magazeti ya zamani yaliyolazwa na kufungwa kwa kamba. Ndani ya kila gazeti mlikuwa na tete lililokaushwa.

"Nilifundisha bayolojia miaka thelathini na moja," alisema Mwalimu. "Kila mwanafunzi wangu, likizo ya Aprili, alikuwa na kazi moja. Alete tete moja la bwawa au mto wa kwao, na karatasi: mahali, tarehe, jina lake. Walikuwa wananilaumu sana. Wengine leo ni madaktari, wengine wachungaji, mmoja ni mbunge, na wote wamo humu."

Alivuta bunda moja. Lwakhakha. Jingine, Chwele. Jingine, Myanga, ukingoni mwa mashimo ya udongo, na mwandiko wa mtoto uliopinda kushuka chini. Hakuna ofisi yoyote ya serikali ambayo Jerop aliijua ingeweza kumwonyesha kitu kama hicho. Mwanamke mmoja alikuwa amepima maji ya kaunti nzima kwa mikono ya watoto, na hakuna aliyemtuma.

"Mabwawa ya tifa nyembamba yaliyo karibu na njia ya hiyo pikapu ya Naim uliyonieleza ni matatu," Mwalimu alisema. "La kwanza ni la hao hao watu wa samaki. La Bashir, Bungoma mjini."

Bashir alikuwa kaka mkubwa wa Naim. Vifaranga vyote vilitoka kwake.

*

Bashir aliwapokea Jerop na Mwalimu kwenye ukingo wa bwawa lake, nyuma ya msikiti, akiwa bado na kofia ya matanga. Walikuwa wamemzika Naim jana yake. Jerop alimpa pole, akamuuliza mara ya mwisho kuonana na mdogo wake.

"Jumanne." Bashir alitazama maji. "Tulikosana, Afande. Sitakuficha, maana wafanyakazi walisikia. Alinijia akasema vifaranga vyangu ni vibovu, wakulima wa Kitale wanalia. Nikamwambia mimi nachagua madume matupu kwa mkono wangu, hakuna kifaranga kibovu kinachotoka hapa. Akaondoka bila kuaga."

"Na Jumatano ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Na nani?"

"Peke yangu. Wafanyakazi nilikuwa nimewapa ruhusa."

Jerop aliyatazama matete yaliyozunguka bwawa. Majani membamba. Soseji, kisha nafasi ya kidole. Ugomvi wa Jumanne, mtu peke yake Jumatano, maji yenyewe haya hapa. Mkono wake ulikuwa umeanza kwenda kwenye simu aite gari la kituo.

"Afande," Mwalimu alimwita. Alikuwa amechuchumaa ukingoni, ameshika tete moja. "Piga hili."

Jerop aliligonga kwa kidole. Hakuna kilichoanguka. Pale juu, mahali pa dume, palikuwa na kijiti kikavu.

"Haya yalimwaga unga wiki tatu zilizopita, au nne. Yameshakomaa." Alisimama kwa kujishikilia magoti. "Jumatano hapa hapakuwa na unga wa kuvuta. Huyu mzee muache na matanga yake."

Bashir aliwatazama wote wawili bila kuelewa alikuwa karibu kiasi gani na pingu. Jerop alirudisha simu mfukoni, na alikuwa mwaminifu vya kutosha kuona aibu.

"Bado mawili," alisema walipoingia garini.

"La pili lilikauka Januari. Mtu amepanda sukuma. Twende Myanga."

"Na Myanga yatakuwa yanachanua bado? Si ni tete lile lile, joto lile lile?"

"Myanga wanachoma matofali. Wanakata matete kufunika matofali mabichi yasipasuke kwa jua. Tete likikatwa linachipua upya, na linachanua nyuma ya wenzake." Mwalimu alifunga mkanda. "Hilo halimo kwenye kitabu chochote. Nililetewa na mtoto wa mchoma matofali. Nilimwambia amekosea tarehe, akalia. Kumbe hakuwa amekosea."

*

Mashimo ya udongo ya Myanga yalikuwa manne, yamejaa maji ya rangi ya chai, na kuzunguka lile kubwa matete machanga yalisimama na vichwa vya manjano. Jerop aligusa moja tu, na moshi wa unga ukaruka ukatua kwenye mkono wa koti lake. Upande wa barabara, matete yalikuwa yamelala na kuvunjika kwa upana wa mtu mmoja. Mengine yalikuwa yameng'olewa na mizizi.

Mwanamke mmoja alikuwa akikata matete upande wa pili kwa mundu. Alijitambulisha kuwa Fridah, akauliza kama wao ni watu wa serikali wa kufunga mashimo.

"Hapana, Mama," Jerop alisema. "Hapa huwa kuna mtu anakuja na pikapu?"

"Si ni Delick. Yule kijana wa samaki. Kila Jumanne ama Jumatano anakuja na neti, anavua vile visamaki vidogo vya hapa, anajaza kwa mifuko ya nailoni. Sisi tunashangaa ati nani anakula vitu kama hivyo."

Jerop alitazamana na Mwalimu. Samaki wa mashimo, wa kiume na wa kike mchanganyiko, wanaozaana tu na kubaki wadogo kama kidole. Na vile vizuri vya Bashir, Derrick alikuwa akiviuza kwa mteja mwingine.

"Jumatano iliyopita alikuja?"

"Alikuja. Halafu kukaja mwingine na bodaboda, mwenye kofia, amekasirika. Akaacha bodaboda irudi. Walianza kuongea kwa nguvu, mimi nikaona ni maneno yao ya kazi, nikabeba mzigo wangu nikaenda."

"Hukusikia kwamba mtu amekufa?"

"Hapa hakuna mtu alikufa," Fridah alisema. "Nilisikia ni Kitale."

Mwalimu alikata kichwa kimoja cha tete, akakiweka kwenye gazeti, akaandika mahali na tarehe. Kabla hawajaondoka Jerop aliandika maelezo ya Fridah kurasa mbili, akamsomea, naye Fridah akaweka sahihi.

*

Derrick aliletwa kituo cha Bungoma saa tisa alasiri. Alikuwa amevaa vizuri na alikuwa mtulivu. Jerop alimkalisha, akamwomba arudie safari ya Jumatano. Aliirudia neno kwa neno kama alivyoiandikisha Kitale.

"Kabla ya Kitale ulipitia wapi?"

"Nilitoka hapa mjini moja kwa moja."

"Myanga?"

"Myanga sina kazi."

"Ulipaosha lini nyuma ya pikapu?"

Alisita. "Alhamisi."

"Uliosha vizuri. Lakini chini ya turubai la gari kuna mshono, na Mwalimu amepita hapo na utepe wa gundi." Jerop alimwonyesha kipande cha utepe chenye vumbi la manjano. "Huu ni unga wa matete. Ameuangalia kwa hadubini. Wa Kitale hukaa nne nne. Huu uko mmoja mmoja, kama ule uliotoka kooni mwa Naim. Haya ninayokuambia si ya kubahatisha, Derrick. Nimeyahesabu mimi mwenyewe."

Derrick aliutazama ule utepe. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Huyo Mwalimu ni nani?"

"Ni mtu anayejua matete. Mama Fridah je, unamjua? Yeye anakujua."

Nje, mtu aliita namba ya faili.

"Sikutaka afe," Derrick alisema. "Nilimsukuma tu. Pale ni shimo, linashuka ghafula. Hakuwa anajua kuogelea."

"Aliita?"

"Mara mbili. Alikuwa ameshika majani. Yakang'oka, akashika mengine."

"Na wewe?"

Derrick hakujibu hilo, na Jerop aliandika kwamba hakujibu. Alipomuuliza kwa nini Kitale, alisema kila mtu alikuwa amesikia yale matusi ya sokoni. Usiku ule alizima taa za gari akapita kwa nyuma, upande wa mahindi.

"Naim alikuambia nini pale Myanga? Kabla."

"Alisema nimemfanya mwongo. Alisema anaenda Kitale siku hiyo hiyo, atamwomba yule mzee msamaha mbele ya wale wale watu."

Jerop aliweka kalamu chini.

*

Wahome alisoma maelezo yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye ukurasa wa Mwalimu Nakhungu aliusoma mara mbili, akauliza kama mama huyo angekubali kuja kufundisha vijana wa kituo, hata siku moja tu. Kisha akatia sahihi ya kumwachilia Kimaiyo.

Mzee alipewa kamba za viatu na mkanda wake. Jerop alimsubiri nje ya kaunta, akamweleza kila kitu kwa mpangilio: mashimo, vifaranga, Derrick, unga. Kimaiyo alisikiliza huku akifunga kamba, na hakuuliza chochote mpaka Jerop alipofika kwenye yale maneno ya mwisho ya Naim. Hapo mikono yake ikasimama.

"Alikuwa anakuja kwangu?"

"Alikuwa anakuja kukuomba msamaha, Mzee."

Kimaiyo alikaa hivyo, ameinama juu ya kiatu, muda mrefu kiasi kwamba askari wa kaunta aligeuka kumtazama. Watoto wake wawili walikuwa langoni na gari, na mmoja alikuwa ameanza kupunga mkono.

"Ana mke?" aliuliza.

"Ndiyo. Anaitwa Zuena. Yuko Bungoma, kwa matanga."

"Yeye bado anaamini ni mimi?"

"Mpaka sasa hivi, ndiyo. Nilikuwa naenda kumwambia."

Mzee alimaliza kufunga kamba. Alisimama, akanyoosha koti lake lililokuwa limekunjamana kwa siku mbili za seli, akatembea hadi langoni akaongea na wanawe kwa Kikalenjin, maneno machache. Kisha akarudi, akafungua mlango wa nyuma wa gari la polisi, akaingia mwenyewe.

"Twende," alisema. "Nilimtukana mbele ya watu. Nitaomba msamaha mbele ya watu, na huyo mama ataniambia niketi wapi."